Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: Bibi huyu si idara ya Serikali

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakala: Mheshimiwa Mwakilishi wa jimbo letu, Mheshimiwa Diwani, na Sheha wa shehia yetu.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: MAMBO MATANO YALIYOANDIKWA MARA TATU BILA YA KUJIBIWA

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika mji wetu mdogo hapa Pemba. Jina la mji sitolitaja, wala jina la bibi ninayemwandikia. Mwenyewe kanikataza, kasema hataki kutembezwa midomoni mwa watu kama khabari ya harusi. Na wewe huna haja ya kutajiwa. Majina yote mawili yamo katika barua tatu nilizozileta ofisini kwako kwa mkono wangu, na zote tatu zikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Nilipoifuatilia ya kwanza niliambiwa faili halijafunguliwa. Ya pili, faili limefunguliwa lakini mwenye faili kaenda Unguja kwenye semina. Ya tatu, kijana wa mapokezi alinitazama kwa huruma akaniuliza, "Mwalimu, na wewe huchoki?"

Nimechoka. Ndiyo maana hii ya nne haina bahasha.

Nianze kwa kukueleza bibi huyu ni nani, maana naona ofisini anajulikana kwa kazi anazotumwa tu. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Elimu bila malipo ilipotangazwa Septemba 1964, wadogo zake walipelekwa skuli. Yeye alikuwa keshawekwa ndani kama mwari, akabaki na alichokipata chuoni, yaani kusoma Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume mapema. Watoto kawalea kwa kusuka ukili na kupiga makumbi, na asiyewahi kufukua makumbi yaliyolala miezi ndani ya tope la pwani hawezi kuijua harufu ya kazi hiyo. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, na baadaye kikavuka kuja kwetu, alikuwa katika wa mwanzo kushuka pwani na maji ya bamvua kufunga mwani kwa tai-tai, vikamba vyake. Ukunga kaurithi kwa mama yake.

Haya ni maisha ya wanawake wengi wa kisiwa hiki, sikuyaandika ili umwonee huruma. Tofauti yake ni moja: hawezi kupita pahala pameharibika akaenda zake. Soko la samaki likinuka, atarudi na ufagio. Mke na mume wakigombana, huletwa barazani kwake kabla ya kufikishwa kwa Sheha, na Sheha mwenyewe hushukuru kupunguziwa. Mwanamke akifariki, yeye ndiye muoshaji. Anacho kibubu cha wanawake wa mtaa wa chini, na katika miaka yote hiyo sijasikia mtu akisema shilingi yake imepotea. Ofisi nayo imeshamjua. Chanjo? Aitwe Bibi. Vyandarua? Aitwe Bibi. Makarani wa sensa walipokuja Agosti 2022, Bibi ndiye aliyewapitisha njia za ndani, kwa sababu ndiye anayejua nyumba ipi ina watu na ipi wenyewe wako dago, kwenye kambi za uvuvi. Sensa ile ilituhesabu Pemba tukapindukia watu 540,000. Mimi huwa najiuliza wangapi kati yao walihesabiwa kwa miguu yake.

Miguu yenyewe sasa haiendi. Huu ni mwezi wa pili Bibi yuko kitandani, magoti na presha. Siku tisa alizolazwa hospitali, mtaa wa chini ulikosa maji, kwa kuwa hakuna aliyejua ufunguo wa kibanda cha pampu uko wapi. Ulikuwa ndani ya kibweta chake, chini ya sanda aliyojiwekea mwenyewe. Nani angethubutu kukifungua?

Mheshimiwa, siku tisa zile ndizo zilizonitoa usingizini. Mji wa watu maelfu ulikuwa umening'inia kwenye kibweta cha kikongwe mmoja. Yeye hana kosa. Kosa naliona kwa waliomwachia kazi zao akazifanya vizuri, wakasahau kama zilikuwa zao. Malalamiko yetu ni haya:

1. Madaftari yake yamekataliwa.

Bibi ana madaftari manne. Kila mtoto aliyemzalisha, na kila mzazi aliyemsindikiza kituo cha afya tangu walipoambiwa wakunga wa jadi wasizalishe tena nyumbani, yumo humo. Ameandika kwa herufi za Kiarabu, tarehe kwa mwezi wa Kiislamu, kama alivyofundishwa. Mimi mwenyewe nimo daftari la pili: "Rajabu 1404, mvua kubwa, mtoto mwanamke, mama salama, kitovu nimekata mimi." Nimepiga hesabu, ni Aprili 1984, na mama yangu anasema masika ya mwaka ule yalikuwa hayasemeki. Nilipotafuta cheti changu cha kuzaliwa katika miaka ya 1990, karani wa wakati ule, mzee mwenye kofia ya kiua, alilifungua daftari, akalisoma bila ya kubabaika, akaandika, akanipa.

Mwaka jana kijana niliyemsomesha alikwenda kwenye kaunta, ni ipi sitoitaja, na daftari la nne mkononi. Kazaliwa nyumbani, mama yake hayuko tena, cheti hana, na bila ya cheti mambo yake ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi yamekwama. Mstari wake uko wazi: Mfunguo Nne 1426. Ni Februari au Machi 2005, mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kuhakikisha. Karani alilishika daftari kwa ncha za vidole, akaligeuza juu chini, akasema, "Hii lugha ya kigeni, hatupokei."

Lugha ya kigeni! Ni Kiswahili, Mheshimiwa. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi hizo katika pwani hii tangu zamani, kabla ya a-e-i-o-u kuja kwa meli. Mimi simlaumu kijana wa kaunta kwa kutojua kusoma herufi. Skuli zetu hazikumfundisha kuisoma lugha yake kwa herufi hizo, na mimi ni mwalimu, lawama hiyo naichukua. Ninachomlaumu ni kutomwita anayejua. Katika jengo lile lile, mlango wa tatu, kuna bwana anayesomesha madrasa kila jioni.

Tangu siku ile wamekuja kwangu vijana kumi na mmoja wa hali hiyo hiyo. Wengine wameshalipa fedha ya hati ya kiapo kwa ajili ya jambo lililoandikwa zamani, kwa wino, na mtu aliyekuwepo.

2. Usiku hatuna gari.

Aliambiwa asizalishe nyumbani, akatii. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa kuwa wapo wanaowasema wakunga wa jadi kuwa ni wakaidi. Alikwenda mafunzo, akarudi, akawakusanya wanawake akawaambia: kuanzia leo mimi ni msindikizaji, uchungu ukianza twende pamoja. Upande wake wa ahadi ameutimiza. Upande wa ofisi ulikuwa gari ya wagonjwa, isimame kituoni usiku na mchana.

Gari ipo. Mchana naiona kwa macho yangu. Usiku ukipiga simu, mara dereva kaenda kwao, mara haina mafuta, mara waulizwa kama mzazi ana fedha ya mafuta. Wakati huo mwanamke yuko sakafuni kashika mguu wa kitanda. Bibi hutoa fedha kwenye kibubu, kisha humalizia mwezi mzima kukirudishia kwa kusuka mikeka.

Masika yaliyopita ilikuwa saa nane ya usiku, mvua inanyesha. Gari haikupatikana. Tukamgongea kijana mwenye gari ya samaki, akaamka, Mungu ambariki, akatandika gunia nyuma na turubali juu. Nilikuwemo ndani ya gari ile. Mimi ndiye niliyeshika simu iwe taa. Hatukufika. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya shamba la mikarafuu, gari imesimama na mvua inapiga turubali hata hatusikilizani. Bibi alivua kanga yake akampokelea mtoto. Mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillah.

Tulipofika, mhudumu wa zamu, badala ya pole, alimfokea Bibi mbele ya watu: "Si mlikatazwa kuzalisha nje ya kituo?" Mwanamke wa miaka sabini na kitu, amelowa, yuko bila ya kanga ya juu. Hakujibu. Aliniambia tu nimtafutie kitu cha kujistiri. Magoti yake yalianza kuvimba wiki ile ile. Mimi si daktari, siwezi kusema limetokana na lipi, lakini nayakumbuka kwa pamoja.

3. Fedha ya pampu hairudi.

Tangi lilipozinduliwa zilikuja gari nne, ukakatwa utepe, tukapigwa picha. Umeme wa kuendeshea pampu tunao. Waya ulipita chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 na majenereta ya Wesha yakapumzika. Lakini umeme hauji kwa dua. Kila mwezi lazima mtu anunue Tukuza ya pampu, yaani umeme wa kulipia kabla, na mtu huyo ni Bibi, kwa shilingi 1,000 anazozichangisha nyumba kwa nyumba. Msimu wa karafuu watu hutoa kwa raha. Karafuu ikiisha, yeye hupita mara tatu nyumba moja.

Mota ilipoungua, tuliambiwa na ofisi tuitengeneze wenyewe kwanza na risiti zitalipwa. Tulilipa shilingi 640,000 kutoka kwenye hisa za wanawake, fedha waliyoiweka kwa ajili ya ada na Idd za watoto. Risiti ziliwasilishwa. Miaka miwili sasa. Baadhi ya wanawake wameanza kumuuliza Bibi, kwa upole lakini wamemuuliza, kama kweli risiti alizipeleka. Hilo ndilo linalomuuma kuliko magoti.

4. Vyeti.

Chini ya godoro lake kuna vyeti vya pongezi kumi na moja. Kila Machi 8 huitwa jukwaani, hupigiwa makofi, hupewa na kanga. Mwaka juzi kanga ilikuwa upande mmoja, doti haikutimia. Tuliambiwa upande wa pili utafuata. Tunausubiri pamoja na risiti.

5. Kamati ya maji ina watu saba, wote wanaume.

Sina mengi hapa. Ni watu wazuri, wawili ni jamaa zangu. Hakuna hata mmoja anayebeba ndoo. Bibi huitwa kwenye kikao kupanga viti, kisha hungoja nje mpaka atakapotakiwa kueleza ufunguo umekaaje.

Mheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshapewa mdomo kwa mdomo.

Litakuja la bajeti. Naiheshimu bajeti, na sisi tunayo yetu, iko kwenye kibubu. Lakini gari nne zilizokuja kukata utepe zilitumia mafuta, na mafuta yale yalipatikana. Wala kulisoma daftari hakuhitaji bajeti.

Litakuja la kwamba Bibi anajitolea mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Kweli. Kuosha maiti anajitolea, kusuluhisha ndoa anajitolea, na hakuna anayedai malipo kwa hayo, yeye angekuwa wa mwanzo kukasirika. Kununua umeme wa pampu ya Serikali ni jambo jengine. Nimeisoma Sheria ya Serikali za Mitaa, namba 7 ya 2014, jioni mbili nzima, mume wangu akinicheka. Sikukuta kifungu kinachomkabidhi kazi hiyo kikongwe mwenye presha.

Litakuja la siasa, kwa kuwa hapa Pemba mtu akiuliza maji yako wapi, huulizwa kwanza yeye ni wa chama gani. Ofisi iwaulize waliolala bila ya maji siku tisa zile. Wamo wa huku na wa kule, na ndoo zao zilipangwa foleni moja.

Na litakuja lile ninalolichukia zaidi: mbona mwenyewe hajalalamika? Nilimpelekea hilo kitandani. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Mjukuu wangu, miye sikufunzwa kulalamika, nimefunzwa kufanya. Lakini ukitaka kuandika, andika. Ila usiniombee kanga." Basi simuombei kanga. Tunachoomba ni hiki.

Madaftari manne yapokelewe kama ushahidi wa kuzaliwa. Nimeshaanza kuyahamishia kwenye herufi za Kirumi na tarehe za kawaida, nimemaliza mawili. Ofisi ilete mtu wake anayesoma herufi zote mbili, alinganishe mstari kwa mstari, agonge muhuri. Asili ibaki kwa Bibi, nakala ikae kwenu. Na wale vijana kumi na mmoja wasitozwe tena.

Gari ya wagonjwa iwe na dereva wa zamu ya usiku na mafuta yaliyowekwa kwa ajili ya wazazi, na namba ya simu ya zamu ibandikwe kwenye mlango wa kituo na wa msikiti. Mzazi asiulizwe fedha ya mafuta.

Shilingi 640,000 zirudi kwenye hisa, na barua ya kukiri kwamba risiti zilifika siku ile ile zilipopelekwa. Barua hiyo tunaitaka hata kabla ya fedha. Isomwe na Sheha mbele ya wanawake, Bibi akiwa hai anasikia.

Ufunguo wa pampu na ununuzi wa Tukuza uwe kazi ya mtu aliyeajiriwa au anayelipwa posho. Kama Bibi akipona na akaitaka kazi hiyo, apewe yeye kwanza, na alipwe.

Kamati ya maji ivunjwe na iundwe upya, wanawake wasipungue nusu.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Sio kwa mdomo, wala sio kwa kupitia kwa shangazi yangu anayekaa jirani na dereva wako; salamu zile zilinifika, ahsante, lakini hazina muhuri.

Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi nitakuja ofisini na madaftari yote manne ndani ya mkoba wa ukili aliousuka mwenyewe. Ukiwa na nafasi nitakusomea. Ukiwa huna, nitakaa kwenye benchi la mapokezi nimsomee yule kijana aliyeniuliza kama sichoki. Kwa umri wake, na kwa mtaa anaotoka, nadhani naye yumo.

Wako katika kuijenga nchi,

Mwalimu wa skuli ya msingi,
aliyeandikwa daftari la pili.